Somo: Moyo Unapokwenda Mbio



Je, umewahi kusikia moyo wako ukidunda kifuani kama ngoma? Umekaa tu. Hukukimbia, wala hukubeba mzigo. Lakini moyo unakwenda mbio, viganja vinatoa jasho, na wazo moja linakujia: "Leo nakufa."

Kama limekupata, hukupatwa peke yako. Wengi hupatwa na jambo hili, wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee. Katika somo hili tutajifunza mambo matatu. Kwanza, kuhesabu mapigo ya moyo. Pili, kutambua moyo unaohitaji hospitali haraka. Tatu, kutuliza moyo ambao unakimbizwa na hofu.

Tuanze na mfano. Fikiria mama mmoja anayeishi Mbagala, katika Wilaya ya Temeke. Anauza maandazi na uji karibu na kituo cha daladala. Huamka saa 10 alfajiri kuwasha moto. Watoto wake wanne wanasoma. Amechukua mkopo ule ambao watu wa mjini wanauita "kausha damu", na kila jioni mwenye fedha hupita kudai marejesho. Usiku mmoja, saa 8, anaamshwa na moyo wake. Unapiga kwa nguvu. Pumzi haitoshi. Vidole vinakufa ganzi. Anapiga kelele.

Majirani wanafika. Wa kwanza anasema, "Ni presha hiyo, meza kidonge changu." Wa pili anasema, "Huyu ametupiwa jini." Wa tatu anasema, "Mama yangu alianza hivi hivi, moyo ulikuwa mbovu." Wote watatu wanampenda jirani yao. Lakini hakuna hata mmoja aliyemshika mkono na kuhesabu.

1. Moyo hufanya kazi gani?

Kunja ngumi yako uitazame. Moyo wako una ukubwa unaokaribia ngumi hiyo. Umekaa kifuani, katikati, ukiegemea upande wa kushoto. Kazi yake ni kusukuma damu mwilini. Damu hupeleka hewa safi na chakula kila mahali, toka ubongo mpaka vidole vya miguu.

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga mara 60 mpaka 100 kwa dakika. Tuseme wako hupiga mara 70. Hebu tupige hesabu:

Kwa saa moja: 70 × 60 = 4,200.
Kwa siku moja: 4,200 × 24 = 100,800.

Moyo hupiga zaidi ya mara laki moja kila siku, na sisi hatuna habari. Tunausikia pale tu mwendo wake unapobadilika. Basi kuusikia moyo si lazima uwe mgonjwa. Mara nyingine moyo hurukaruka, kama mtu aliyejikwaa, kisha huendelea na mwendo wake. Watu wengi wenye afya nzuri hupatwa na hali hiyo mara moja moja.

2. Jifunze kuhesabu mapigo

Geuza kiganja cha mkono wa kushoto kitazame juu. Weka vidole viwili vya mkono wa kulia juu ya kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Usitumie kidole gumba kupimia, kwa sababu nacho kina mapigo yake. Bonyeza taratibu mpaka usikie mdundo.

Tazama saa. Hesabu midundo kwa sekunde 15, kisha zidisha mara 4. Ukipata midundo 19, basi 19 × 4 = 76. Hayo ni mapigo 76 kwa dakika. Angalia pia kama midundo inafuatana sawasawa au inakwenda ovyo ovyo.

Elewa kwamba mapigo na presha ni vitu viwili tofauti. Mapigo ni idadi ya midundo. Presha ni nguvu ya damu inayosukuma kuta za mishipa, na hupimwa kwa kifaa kinachofungwa mkononi. Mtu anaweza kuwa na mapigo ya haraka na presha yake ikawa ya kawaida. Ndiyo maana si vizuri kumeza kidonge cha presha cha jirani. Kinaweza kuteremsha presha yako ukaanguka.

3. Kwa nini moyo hukimbia?

Sababu ni nyingi. Hapa tutaeleza zile zinazoonekana sana.

(a) Upungufu wa damu. Damu ikipungua, moyo hulazimika kuizungusha haraka zaidi ili itoshe. Ni kama mtu mwenye ndoo ndogo: lazima aende kisimani mara nyingi. Utafiti wa afya uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 mpaka 49, wanawake 45 walikuwa na upungufu wa damu. Damu hupungua kwa hedhi nzito, ujauzito, malaria, minyoo ya safura, selimundu na chakula duni. Dalili zake ni kuchoka, kuhema unapopanda ngazi, kizunguzungu, na weupe wa ndani ya kope na viganja.

(b) Homa na upungufu wa maji. Mtu mwenye malaria au anayeharisha, au aliyefanya kazi juani bila kunywa maji, moyo wake huenda haraka.

(c) Vitu tunavyotumia. Kahawa, chai ya rangi iliyokolea, vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kwenye makopo, sigara, mirungi, bangi na pombe huukimbiza moyo. Baadhi ya dawa za pumu na za mafua hufanya hivyo pia. Usiache dawa ya pumu kwa sababu hiyo. Mweleze aliyekuandikia.

(d) Tezi la shingo. Tezi hili likifanya kazi kupita kiasi, moyo huenda mbio, mtu hukonda huku anakula, mikono hutetemeka, na joto humshinda.

(e) Maradhi ya moyo wenyewe. Yapo ya presha ya muda mrefu. Yapo yanayoanza utotoni, mtoto akiumwa koo mara kwa mara bila kutibiwa, hata milango ya moyo ikaharibika. Yapo pia yanayotokana na mapigo kupotea mpangilio.

(f) Hofu na mawazo. Sababu hii ina sehemu yake peke yake, kwa maana ndiyo inayofichwa zaidi.

4. Mduara wa hofu

Tuseme unachukua kuni uani na ghafla unaona nyoka. Kabla hujafikiri, umeruka. Nini kimetokea? Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo. Ukishtuka, tezi hizo humwaga katika damu kitu kinachoitwa adrenalini. Moyo huongeza mwendo, pumzi huwa nyingi, misuli hukaza. Mwili unajiandaa kukimbia au kupigana. Hiyo si ngonjera ya wagonjwa. Ni kinga tuliyozaliwa nayo.

Shida ni kwamba mwili hautofautishi nyoka na deni. Mawazo ya ada, kodi ya nyumba, mgonjwa hospitalini au mume asiyerudi nyumbani huweza kuamsha kinga ile ile. Na kwa kuwa hakuna nyoka wa kumkimbia, mtu hubaki kitandani na moyo unaokimbia peke yake.

Hapo mduara huanza:

Moyo unadunda.
Mtu anaogopa: "Nakufa!"
Hofu inaongeza adrenalini.
Moyo unadunda zaidi.
Mtu anaogopa zaidi.

Akiogopa, mtu huhema haraka haraka. Kuhema huko huondoa mwilini hewa chafu kuliko kiasi kinachotakiwa. Matokeo yake ni kizunguzungu, ganzi ya vidole na midomo, na kifua kubana. Naye anayaona hayo kama ushahidi kwamba anakufa. Kumbe ni pumzi.

Jambo la kutia moyo ni hili: wimbi la hofu hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka. Kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi. Linatisha sana, lakini hupita.

Msimwambie mtu aliyeshikwa na hali hii, "Huna kitu, unajifanya." Hajifanyi. Moyo wake unakimbia kweli, na ukimshika mkono utauhesabu.

5. La kufanya moyo unapokwenda mbio

Kwanza kabisa, tazama dalili za hatari zilizo katika sehemu ya 6. Kama hazipo, fanya hivi:

• Kaa chini. Legeza mkanda, kanga au nguo inayobana.
• Hesabu mapigo mara moja. Yaandike. Usirudie kuyahesabu kila dakika, maana kujipima sana huongeza hofu.
• Weka kiganja juu ya tumbo. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu moja mpaka nne. Itoe polepole kwa mdomo ukihesabu moja mpaka sita, kama unayepoza uji. Endelea kwa dakika tano.
• Nawa uso kwa maji baridi. Kunywa maji safi kidogo kidogo.
• Sema kwa sauti: "Hii ni hofu. Imepanda, itashuka." Mwenye kuomba na aombe.
• Tazama vitu vilivyo karibu na uvitaje: taa, kiti, sufuria, mlango. Akili hurudi nyumbani.

Usivute pumzi ndani ya mfuko wa plastiki. Usimeze dawa ya mtu mwingine. Usinywe pombe ili upate usingizi, kwa sababu ikishatoka mwilini moyo hudunda zaidi.

Ukipona, usianze kukwepa maisha. Aliyeshikwa ndani ya daladala ya Kariakoo huapa kwamba hapandi tena. Kesho anaogopa soko, keshokutwa anaogopa hata kufika bombani. Hofu huchukua ardhi kidogo kidogo. Nawe irudishe kidogo kidogo. Leo panda kituo kimoja pamoja na ndugu. Wiki ijayo vituo vitatu. Baadaye nenda peke yako.

6. Dalili za hatari: usingoje

Mpeleke mtu hospitali mara moja, hata kama ni usiku, kama moyo unakwenda mbio na mojawapo ya haya lipo:

• Amezimia, au anakaribia kuzimia, hasa wakati wa kazi au mbio.
• Kifua kinauma au kubanwa kwa nguvu, na maumivu yanakwenda kwenye mkono, shingo au taya.
• Anashindwa kupumua akiwa amekaa, au hawezi kulala chali.
• Miguu imevimba.
• Mapigo yanazidi 120 akiwa amepumzika na hayashuki, au yanakwenda ovyo bila mpangilio.
• Upande mmoja wa uso au mwili umelegea, au maneno hayatoki sawasawa.
• Ni mjamzito au amejifungua karibuni, na anahema sana.
• Ana ugonjwa wa moyo unaojulikana, au katika ukoo wake kuna waliokufa ghafla wakiwa vijana.

Hapa si mahali pa kubishana kama ni hofu au sivyo. Daktari ataamua.

Na hata kama dalili hizi hazipo, mtu aliyepatwa kwa mara ya kwanza, au anayepatwa mara kwa mara, aende kupimwa. Hofu isisingiziwe kabla damu na moyo havijapimwa.

7. Kalamu yako ni dawa

Umejifunza kusoma na kuandika. Sasa elimu hiyo ikusaidie. Mganga wa zahanati ana wagonjwa wengi. Ukimwambia tu, "Moyo unaniuma," hatapata habari ya kutosha. Chukua daftari uandike: siku, saa, ulikuwa unafanya nini, mapigo mangapi, muda gani, na dalili nyingine.

Daftari la mama wa mfano wetu lingekuwa hivi:

Jumatatu, saa 8 usiku. Nilikuwa nimelala. Mapigo 112. Dakika 15. Ganzi ya vidole.
Jumatano, saa 5 asubuhi. Nilibeba ndoo ya maji. Mapigo 124. Nilihema, kizunguzungu. Nilipokaa yalishuka.
Ijumaa, saa 12 jioni. Mwenye mkopo alipiga hodi. Mapigo 108. Dakika 20.

Soma tena mistari hiyo mitatu. Jumatano inaonyesha mwili uliochoka kwa kazi: huenda damu imepungua. Jumatatu na Ijumaa zinaonyesha hofu. Basi mtu mmoja anaweza kuwa na sababu mbili kwa pamoja. Akitibiwa damu tu, deni litaendelea kumwamsha usiku. Akiambiwa "punguza mawazo" tu, damu itaendelea kupungua.

Katika zahanati au kituo cha afya, omba upimwe mapigo, presha, malaria kama una homa, na wingi wa damu. Kama damu ni pungufu, utapewa vidonge vya kuongeza damu, na chanzo chake kitatafutwa. Vidonge hivyo hubadili choo kikawa cheusi, usiogope. Kula mchicha, matembele, maharage, dagaa, na nyama au maini ukipata. Chungwa au limau pamoja na mlo husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai usinywe pamoja na chakula. Ngoja saa moja au mbili.

Ikihitajika, utapelekwa hospitali kubwa zaidi. Kwa watu wa Temeke ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke, na kwa watu wa Kinondoni ipo ya Mwananyamala. Kwa maradhi makubwa ya moyo ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015 katika eneo la Muhimbili. Huko utapimwa umeme wa moyo. Wengine wakisikia neno umeme wanakimbia. Usikimbie. Nyaya zinazobandikwa kifuani, mikononi na miguuni hazikuingizii umeme. Zinasoma tu umeme mdogo ambao moyo wako wenyewe unautengeneza. Hakuna maumivu.

8. Mzigo ulio nyuma ya moyo

Mwaka 1973 wananchi wa Tanzania walikusanyika katika vikundi vijijini na mijini kusikiliza redio na kusoma vitabu vya kampeni ya Mtu ni Afya. Baada ya kujadiliana walichimba vyoo, walifyeka majani na kufukia madimbwi. Adui wa wakati ule alikuwa anaonekana: mbu, kinyesi, maji machafu. Hofu haionekani. Lakini dawa yake moja ni ile ile: kukaa pamoja na kusema.

Wenzetu wa Zimbabwe wametupa mfano. Mwaka 2006, huko Mbare katika jiji la Harare, Daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi wa mtaani kusikiliza watu wenye mawazo mengi. Bibi na mgeni wake hukaa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Katika lugha ya Kishona hali hiyo inaitwa kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Bibi hatoi hotuba. Anasikiliza, kisha anauliza: katika matatizo haya, tuanze na lipi? Wanachagua moja, na wanatafuta hatua ya kwanza. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba, baada ya miezi sita, waliokaa kwenye benchi hilo walikuwa na dalili chache kuliko wale waliopata huduma ya kawaida.

Sisi nasi tuna baraza, tuna mkeka, tuna kikundi cha kuweka na kukopa. Mwenye deni la kausha damu akificha, riba inakua na moyo unakimbia. Akisema katika kikundi, huenda likapatikana shauri: kulipa kwa awamu, kukopa penye masharti nafuu, au kwenda pamoja kwa mwenyekiti wa mtaa kama anatishwa. Deni halitaisha usiku huo. Lakini mtu aliyeshirikisha wenzake hulala.

Na kama mtu amekata tamaa, halali, hali, au anasema afadhali afe, huo ni ugonjwa unaotibika. Msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali. Huduma ya afya ya akili si ya "wendawazimu" tu. Anayependa kwenda kwa kiongozi wake wa dini na aende, mradi asiache kupimwa wala asiache dawa.

Maneno ya kujifunza

Mapigo: idadi ya midundo ya moyo kwa dakika.
Presha: nguvu ya damu ndani ya mishipa.
Wingi wa damu: kipimo kinachoonyesha kama damu inatosha.
Adrenalini: kitu kinachotolewa na tezi mtu anaposhtuka, ambacho huukimbiza moyo.

Zoezi

1. Hesabu mapigo yako kwa sekunde 15. Zidisha mara 4. Andika jibu.
2. Tembea haraka kuzunguka darasa mara tatu. Hesabu tena. Yameongezeka kiasi gani? Pumzika dakika tano, uhesabu mara ya tatu. Mgonjwa asitembee, amhesabie mwenzake.
3. Mtu amehesabu midundo 33 kwa sekunde 15 akiwa amekaa kwa muda mrefu. Mapigo yake ni mangapi kwa dakika? Afanye nini?
4. Nakili dalili za hatari kwenye karatasi, uibandike nyumbani ambapo kila mtu ataiona.

Maswali ya kujadili

1. Katika mtaa wenu, watu husema nini wanapomwona mtu moyo unamwenda mbio? Lipi katika hayo linamsaidia, na lipi linamwongezea hofu?
2. Kwa nini ni hatari kumeza kidonge cha presha cha jirani?
3. Kama mngekuwa majirani wa yule mama wa Mbagala usiku ule, mngefanya nini kwanza? Na asubuhi yake?
4. Nani katika mtaa wenu anajua kusikiliza bila kutangaza siri za watu? Je, darasa lenu linaweza kumwomba awe na siku moja katika wiki ya kukaa na wenye mawazo?

Andikeni mliyokubaliana katika daftari la darasa, na mchague mtu wa kuyafuatilia kabla ya somo lijalo.